Wamijikenda: Walitoka Wapi, na Wana Urithi Gani Pamoja

Maneno ya somo kama yalivyosomwa katika radio, kwa matumizi ya madarasa ya watu wazima

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba kila mtu ana kalamu na daftari, na kwamba ubao umefutwa. Leo tutaandika maneno machache, na maneno hayo ndiyo yatakayotuongoza.

Somo la leo limetokana na swali. Siku moja nilikuwa nikitembelea darasa la watu wazima huku pwani, upande wa bara ya Kilifi. Somo lilipokwisha, mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma alisimama, akaegemea bakora yake, akasema: "Bwana Elimu, nina neno. Nimegombana na jirani yangu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Akaniambia, 'Wewe nawe una kelele gani? Ninyi nyote mlitoka Singwaya. Ninyi nanyi ni wageni hapa.' Mimi nimezaliwa hapa, na baba, na babu. Nataka kujua, je, sisi ni wenyeji au ni wageni?"

Darasa zima lilinyamaza. Mimi nami sikumjibu siku ile, kwa kuwa swali kama hilo halijibiwi kwa kusimama mlangoni. Nilimwahidi kwamba nitalijibu kwa utaratibu. Hili ndilo jibu langu, na ninalitoa kwenu nyote.

Kwanza tujue twazungumza juu ya nani. Wamijikenda ni watu wa Kibantu wakaao nyuma ya pwani ya Kenya, na wengine wao wamo Tanzania, katika sehemu za Tanga. Katika hesabu ya watu iliyofanywa Kenya mwaka 1999 na baadaye, idadi yao imekuwa ikiongezeka, na mwaka 2019 walihesabiwa karibu milioni 2 na nusu. Jina lao lenyewe ni hesabu. Midzi ni miji, na chenda ni kenda, yaani tisa. Midzichenda, miji tisa.

(Mwalimu aandike ubaoni, na darasa lisome pamoja.)

Wagiriama. Wadigo. Waduruma. Warabai. Waribe. Wakambe. Wajibana. Wachonyi. Wakauma.

Wagiriama ndio wakaao kaskazini zaidi, toka Kaloleni mpaka Malindi na ng'ambo ya mto Sabaki. Wadigo wako kusini, toka Likoni mpaka Tanga. Waduruma wako bara, upande wa Mariakani na Kinango. Hao wengine sita wako katikati, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa na Kilifi.

Zamani watu wa mijini pwani waliwaita wote Wanyika, yaani watu wa porini. Jina hilo halikuwapendeza, na hapana mtu apendaye kuitwa kwa jina la pori. Katika miaka ya 1940 jina la Mijikenda lilianza kutumika sana, na wenyewe ndio waliolichagua. Kwa hiyo angalieni: jina hili ni jipya, lakini udugu wenyewe ni wa zamani. Tutaona ushahidi wake.

Mtu akiwa na kesi barazani, hakimu humwuliza, "Mashahidi wako ni nani?" Sisi leo tuna mashahidi watatu. Wa kwanza ni wazee na masimulizi yao. Wa pili ni lugha. Wa tatu ni ardhi yenyewe. Tutawasikiliza mmoja mmoja, kisha tutalinganisha maneno yao.

Shahidi wa kwanza: wazee

Wazee wa Kimijikenda husimulia kwamba mababu zao waliishi mahali paitwapo Singwaya, au Shungwaya. Mahali hapo palikuwa kaskazini, ng'ambo ya mto Tana, kuelekea nchi ya Somalia ya leo. Huko waliishi karibu na Waoromo, ambao wazee wa zamani waliwaita Wagala. Ikatokea kwamba kijana mmoja wa Kioromo aliuawa, vita vikazuka, na watu wakaondoka kwa makundi, wakafuata pwani kuja kusini. Wadigo ndio waliotangulia, na kwa hiyo mpaka leo huhesabiwa kuwa ndugu wakubwa. Wengine wakafuata.

Kila kundi, husema wazee, lilikuja na fingo yake. Fingo ni dawa ya ulinzi iliyozikwa ardhini katika mji mpya, ili mji upate kukaa salama. Walipofika kwenye vilima vyenye msitu mnene, walijenga ndani ya msitu, nao mji huo ukaitwa kaya.

Masimulizi haya yana nguvu. Yamepokewa na makundi karibu yote, toka kwa baba mpaka kwa mwana. Lakini hakimu mwema humsikiliza shahidi mpaka mwisho. Wazee haohao wana masimulizi mengine pia. Waduruma, kwa mfano, husimulia kwamba miongoni mwa mababu zao walikuwamo Wamakua waliotoka kusini. Basi hapa pekee twaona kwamba si kila mtu alipita njia moja.

Shahidi wa pili: lugha

Shahidi huyu hawezi kusema uongo, kwa sababu hajui kwamba anatoa ushahidi. Mtu akisema "maji" au "moto" hafikiri juu ya historia. Lakini historia imo katika maneno hayo.

(Mwalimu aandike ubaoni kwa safu mbili: upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kigiriama.)

Moto – moho
Mti – muhi
Tatu – hahu
Maji – madzi
Mji – mudzi
Nchi – tsi
Mchanga – mutsanga

Sasa tazameni vizuri. Penye t ya Kiswahili katika maneno matatu ya kwanza, Kigiriama kina h. Penye j, Kigiriama kina dz. Penye ch, Kigiriama kina ts. Jambo hili si la bahati. Kama lugha moja ingalikopa neno kwa nyingine, kopo hilo lingekuwa hapa moja na pale moja, bila utaratibu. Lakini tofauti inayofuata kanuni namna hii ni dalili ya ndugu waliotoka tumbo moja, kisha kila mmoja akakua nyumbani mwake.

Kuna jambo jingine la kupendeza. Wagiriama wakihesabu, saba ni fungahe. Mswahili wa leo husema saba, neno lililotoka kwa Waarabu. Lakini mwulizeni Mswahili, siku saba za bwana arusi na bibi arusi baada ya harusi zaitwaje? Atawajibu, fungate. Basi mwaona: Kiswahili nacho kilikuwa na neno lake la saba, kikalisahau sokoni, kikalihifadhi chumbani mwa maharusi. Fuateni kanuni yetu, geuzeni t iwe h, na fungate huwa fungahe. Neno ni lilelile.

Wataalamu wa lugha wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1993 Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walitoa kitabu kikubwa juu yake. Walionyesha kwamba Kiswahili, lugha za Mijikenda, Kipokomo cha mto Tana, Kiilwana, na lugha ya visiwa vya Komoro zote ni jamaa moja. Wataalamu huiita jamaa ya Sabaki, kwa jina la mto ule upitao karibu na Malindi. Lugha hizi zilianza kuachana zaidi ya miaka 1000 iliyopita.

Na jamaa hiyo ya Sabaki ni tawi dogo la mti mkubwa wa Kibantu. Shina la mti huo liko mbali, karibu na mpaka wa Nigeria na Kameruni za leo, na watu wake walianza kutawanyika kati ya miaka 4000 na 5000 iliyopita. Hawakuja kwa safari moja kama jeshi. Kijana huoa, hutafuta shamba jipya ng'ambo ya kilima. Mwanawe naye hufanya vivyo hivyo. Kwa namna hiyo, kizazi baada ya kizazi, walifika mpaka bahari ya mashariki na mpaka kusini mwa Afrika. Ndiyo sababu mtu ni muntu kwa wengine, muthu kwa Wagiriama, na mtu kwetu.

Kwa hiyo wewe Mswahili wa Mombasa au wa Lamu uliyezoea kumwita mwenzio Mnyika, sikia: lugha yako na yake ni ndugu wa damu.

Shahidi wa tatu: ardhi

Watu hufa, na nyumba za miti na makuti huoza. Lakini kigae cha chungu hakiozi. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Robert Soper alichimba karibu na Kwale, akapata vigae vya namna ya pekee. Vyungu hivyo vilifinyangwa na wakulima waliojua kufua chuma, katika karne za kwanza baada ya Kristo, yaani yapata miaka 1700 au 1800 iliyopita. Mpaka leo vyungu vya namna hiyo huitwa kwa jina la Kwale, hata vikionekana nchi nyingine.

Baadaye wachimbaji wengine walitembea nyuma ya pwani, kilima kwa kilima. Waliona kwamba vijiji vya wakulima vilikuwapo huku kwa karne nyingi bila kukatika. Tena waliona kwamba baadhi ya mahali pa makaya palikuwa pakikaliwa na watu kabla ya karne ya 16, wakati ambao wengi hufikiri kwamba makaya yalianza.

Basi shahidi wa tatu asema: nchi hii haikuwa tupu.

Tulinganishe maneno ya mashahidi

Je, mashahidi wetu wanagombana? Wazee wasema, "Tulitoka kaskazini." Ardhi yasema, "Watu walikuwapo hapa siku nyingi." Wako wataalamu waliobishana sana juu ya jambo hili. Wengine wamekubali masimulizi ya Singwaya kuwa ni habari ya kweli ya safari. Wengine wamesema kwamba ni hadithi tu iliyotungwa ili kuwaunganisha watu.

Mimi nawaomba mfikiri juu ya familia zenu wenyewe. Katika ukoo mmoja yuko bibi aliyeolewa toka mbali, yuko mjomba aliyehamia kwa sababu ya njaa, na yuko babu ambaye hakuondoka kamwe. Watoto wao wote hukaa mezani pamoja na kusimulia habari moja, mara nyingi habari ya yule aliyesafiri, kwa kuwa safari husimuliwa kuliko kukaa. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa Wamijikenda. Wako waliotoka kaskazini, tena kwa vita na taabu. Wako waliokutwa papa hapa. Wako waliojiunga toka kusini na toka bara. Waliingia katika makaya, wakala kiapo kimoja, wakawa watu wamoja. Taifa halizaliwi siku moja kama mtoto. Hujengwa kama nyumba, mti huu umetoka huku na udongo ule umetoka kule.

Urithi wao pamoja

Sasa tuingie ndani ya kaya, tuone nyumba hiyo ilivyojengwa.

Kaya ilikuwa juu ya kilima, katikati ya msitu, na njia za kuingilia zilikuwa chache na zenye malango. Adui asiyejua njia hakufika. Ndani palikuwa na uwanja, na kila ukoo ulikuwa na upande wake. Katikati palikuwa na nyumba ya baraza iitwayo moro, ambamo wazee walikaa kuamua mashauri. Wazee hao waliitwa kambi. Hapakuwa na mfalme. Watu waligawanyika kwa marika, yaani watu wa umri mmoja walioingizwa pamoja katika utu uzima, na kila rika lilipanda daraja kwa zamu yake mpaka kufika uzee na kushika mashauri ya mji.

Miti ya kaya haikukatwa ovyo, na mizimu ya wazee waliozikwa humo, iitwayo koma, iliheshimiwa. Kwa Wagiriama, wazee wa chama cha Gohu walipokufa walichongewa vigango, yaani nguzo za ukumbusho za mti mgumu. Na kila mahali palikuwa na mnazi, uliotoa nazi ya kupikia, makuti ya kuezekea, na tembo la kunywa katika harusi na matanga.

Tangu katikati ya karne ya 19 watu wengi walianza kutoka makayani kutafuta mashamba mapana na biashara. Kufika miaka ya 1940 makaya yalikuwa yameachwa kuwa miji ya kukaa. Lakini hayakuachwa kuwa mahali pa heshima.

Jambo hilo Serikali ya kikoloni ililitambua kwa njia mbaya. Mwaka 1913 Waingereza walitaka kodi na vijana wa kufanya kazi. Mwanamke wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, aliwaita watu, akawalisha kiapo katika kaya kwamba wasikubali. Alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali mpaka Kisii, naye akatoroka. Mwaka 1914 Serikali ililipua kaya kuu ya Wagiriama kwa baruti. Fikirini: kwa nini serikali yenye bunduki ipoteze baruti kwa kuharibu msitu ambamo watu wengi hawakai tena? Ni kwa sababu waliona kwamba umoja wa watu ulikuwa umekaa pale.

Katika siku zetu ulimwengu umeitambua heshima hiyo. Toka mwaka 1992 Serikali ya Kenya ilianza kutangaza makaya kuwa kumbukumbu za taifa zinazolindwa na sheria. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliyaweka makaya matakatifu ya Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni huweza kuingia, lakini kwanza hufungwa kaniki, na huambiwa asing'oe kitu.

Hatari iliyopo

Lakini mwaka 2009 UNESCO ileile iliweka mila za makaya katika orodha ya pili, orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa kwa haraka. Maana yake ni kwamba miti inaweza kubaki na maarifa yakapotea.

Hatari ziko nyingi. Msitu hukatwa kwa mbao na makaa. Viwanja huuzwa. Vigango viliibwa usiku na kuuzwa ng'ambo, vikasimamishwa katika nyumba za makumbusho na za matajiri. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa toka Marekani, navyo ni vichache sana kwa vile vilivyokwenda.

Iko hatari nyingine, nami naona uchungu kuitaja. Katika sehemu za Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na kosa lao ni mvi. Mara nyingi nyuma ya neno "mchawi" iko tamaa ya shamba. Wanaofanya hivyo huua mtu, nalo ni kosa kubwa mbele ya sheria na mbele ya Mungu. Tena huua shahidi. Mmeona leo kwamba shahidi wetu wa kwanza ni wazee. Vigae vitangoja ardhini miaka 1000 mingine. Mzee hangoji.

Jibu la swali

Basi, mzee wangu uliyeuliza, natumaini unanisikia. Hili ndilo jibu. Katika wewe wamo waliosafiri, na wamo waliokuwapo. Lugha yako ni ndugu wa lugha ya pwani yote, na mizizi yake katika nchi hii ni ya zaidi ya miaka 1000. Akikuambia jirani yako kwamba wewe ni mgeni, mwulize naye babu wa babu yake alitoka wapi, na utaona kwamba kila mtu alitoka mahali. Lakini usifanye historia kuwa panga la kumkatia jirani, kama vile yeye hapaswi kuifanya kuwa panga la kukukatia wewe. Mpaka wa shamba huamuliwa kwa sheria, kwa hati, na kwa mashahidi wajuao mpaka. Singwaya haiko katika ramani ya shamba lenu.

Na ninyi nyote mliojifunza kusoma na kuandika mwaka huu, nina kazi kwenu. Ninyi sasa mna kitu ambacho mababu hawakuwa nacho. Wiki hii nendeni kwa mtu mzee, awe wa ukoo wenu au wa jirani. Mketi naye. Andikeni maneno yake kama asemavyo, kwa lugha yake mwenyewe, wala msiyasahihishe. Mkirudi darasani, msomeeni mwalimu.

Maneno ya kujifunza

Fingo: dawa ya ulinzi iliyozikwa katika kaya.
Moro: nyumba ya baraza ya wazee.
Kambi: baraza la wazee wa kaya.
Rika: watu wa umri mmoja walioingizwa utu uzima pamoja.
Kigae: kipande cha chungu kilichovunjika.
Kigango: nguzo ya ukumbusho wa mzee aliyekufa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Jina la Mijikenda maana yake nini, na lilianza kutumika sana lini?
2. Mashahidi watatu wa somo hili ni akina nani? Kila mmoja alisema nini?
3. Tafuteni maneno matatu ya lugha za nyumbani kwenu yanayofanana na Kiswahili. Je, mwaona kanuni yoyote?
4. Kwa nini Serikali ya kikoloni iliharibu kaya mwaka 1914?
5. Katika kijiji chenu, ni maarifa gani ambayo mzee mmoja tu ndiye ayajuaye? Nani atayaandika?

Kwa leo somo limekwisha. Kaeni salama.